Kubadili mazoea ya kula ili kupunguza uzito: mwongozo kwa mama na walezi

Wanawake wengi wanaotaka kupunguza uzito wanajua tayari kwamba sukari nyingi, mafuta mengi na chakula kingi kupita kiasi vinanenepesha. Hata hivyo, kila jioni chai hutiwa vijiko vitatu vilevile, ugali hupakuliwa kwa kipimo kilekile, na makombo ya watoto huishia kinywani mwa mama. Hayo ni mazoea, yaani mambo tunayoyafanya bila kuyawazia.

Makala hii inaeleza jinsi ya kubadili mazoea hayo bila kujinyima kupita kiasi na bila kununua vyakula vya gharama. Njia yenyewe ni rahisi kueleza: shughulikia zoea moja kwa wakati, badilisha kile kinacholianzisha, na fanya mabadiliko kwenye sufuria ya familia nzima badala ya kujipikia chakula chako peke yako.

Soma hapa kwanza

Usianze kupunguza uzito kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya ikiwa:

- una ujauzito au unadhani una ujauzito;
- umejifungua ndani ya wiki sita zilizopita;
- unatumia dawa za kisukari au insulini, kwa sababu ukipunguza chakula bila dawa kurekebishwa, sukari ya mwilini inaweza kushuka kwa hatari;
- una ugonjwa wa figo, moyo au ini;
- umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha.

Ikiwa unakonda bila kukusudia, usifurahie tu. Nenda kituo cha afya. Kukonda kusiko na sababu kunaweza kuwa dalili ya kisukari, kifua kikuu, maambukizi ya VVU au ugonjwa mwingine unaotibika vizuri ukigunduliwa mapema.

Je, unahitaji kupunguza uzito?

Kipimo cha kawaida ni uwiano wa uzito na urefu, ambao wahudumu wa afya huuita BMI. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe.

Mfano: mama ana kilo 78 na urefu wa mita 1.60. Urefu ukizidishwa kwa wenyewe ni 2.56. Kilo 78 zikigawanywa kwa 2.56 zinatoa 30.5.

- Chini ya 18.5: uzito ni mdogo mno.
- 18.5 hadi 24.9: uzito unafaa.
- 25 hadi 29.9: uzito umezidi.
- 30 na kuendelea: unene uliokithiri.

Kipimo kingine ni kiuno. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 kinaonyesha kwamba hatari ya maradhi imeanza kuongezeka, na kinachozidi sentimita 88 kinaonyesha hatari kubwa zaidi. Tumia futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, kisha soma baada ya kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani.

Vipimo hivi havitumiki wakati wa ujauzito.

Kwa nini jambo hili ni la afya, si la umbo tu

Katika jamii zetu, mama akinenepa husifiwa kwamba ametunzwa, na akikonda huulizwa ana nini. Hakuna ubaya kuupenda mwili wako ulivyo. Lakini mafuta yanayokusanyika tumboni huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani, ikiwemo ya matiti baada ya kukoma hedhi. Kwa mwanamke ambaye bado anazaa, uzito uliozidi huongeza pia hatari ya kisukari cha mimba na kifafa cha mimba.

Tatizo linakua haraka. Nchini Tanzania, tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015–16. Nchini Kenya walikuwa asilimia 25 mwaka 2008–09, wakafika asilimia 33 mwaka 2014. Hiyo ni mama mmoja kati ya kila watatu.

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kwenye umbo ulilokuwa nalo ukiwa msichana. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako kunatosha kushusha shinikizo la damu na sukari kwa watu wengi. Kwa mama wa kilo 78, hiyo ni kama kilo 4 hadi 8. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea kwa kasi. Kwa muda wa takriban miaka mitatu, idadi ya waliopata kisukari katika kundi hilo ilikuwa pungufu kwa asilimia 58, ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Mazoea ya kula yanatoka wapi?

Zoea huanza na kichocheo. Kichocheo kinaweza kuwa:

- Wakati: saa kumi jioni imefika, kwa hiyo chai na andazi.
- Mahali: ukipita kwenye kibanda cha chipsi karibu na kituo cha daladala, mkono unaingia kwenye pochi.
- Watu: mkikutana na mashoga zako lazima kuwe na soda na sambusa.
- Chombo: bakuli likiwa kubwa, linajazwa.
- Hisia: uchovu, upweke, hasira au mawazo ya madeni.

Baada ya kurudiwa mara nyingi, kichocheo peke yake kinatosha. Unajikuta unatafuna kabla ya kujiuliza kama una njaa. Ndiyo maana kujikaza peke yake huwa hakudumu. Mama aliyechoka, aliyeamka usiku mara tatu kunyonyesha, hana nguvu za kushindana na sahani ya maandazi iliyo mbele yake. Ni rahisi zaidi kuhakikisha sahani hiyo haikai mbele yake.

Mazoea mengine tumeyarithi. Aliyekulia nyumba yenye watoto wengi alijifunza kula haraka, kwa sababu aliyechelewa alikosa. Aliyewahi kulala na njaa aliapa kwamba chakula hakitabaki kwenye sahani yake. Na wengi wetu tuliongezeka uzito baada ya uzazi. Katika siku arobaini, mama, bibi na mashangazi hutuletea mtori, uji wa pilipili manga, supu na chai ya maziwa mchana kutwa. Ni upendo na ni utaratibu mzuri, kwa kuwa mwili unapona na maziwa yanahitaji chakula. Shida hutokea siku arobaini zikiisha na kipimo cha uzazi kikabaki kuwa kipimo cha kila siku.

Ukielewa hivyo, utaacha kujilaumu kwamba wewe ni mlafi au mvivu. Kila zoea lilikuwa na sababu lilipoanza.

Wiki ya kwanza: tazama, usibadilishe

Kwa siku saba kula kama kawaida, lakini andika. Daftari la shule la mtoto linatosha. Kila unapokula au kunywa kitu chochote chenye sukari, mafuta au wanga, andika mambo manne: saa ngapi, wapi, nini, na ulikuwa unajisikiaje. Usisahau vile ambavyo kwa kawaida hatuvihesabu:

- kijiko cha kuonja mchuzi, na cha pili, na cha tatu;
- uji aliobakiza mtoto;
- ukoko uliokwangua chini ya sufuria ya wali;
- karanga za kushikilia wakati unasubiri wateja dukani;
- kipande cha chapati ulichokula umesimama.

Mwisho wa wiki soma daftari lako. Karibu kila mtu huona jambo moja au mawili yanayojirudia kila siku kwa saa ileile. Hapo ndipo pa kuanzia.

Chagua zoea moja

Chagua lile linalojirudia zaidi, kisha panga mapema utafanya nini kichocheo kitakapotokea. Sema kwa maneno kamili: "Nikimaliza kumlisha mtoto, nitaifunika sahani yake na kuiondoa mezani." Mpango wa namna hiyo hufanya kazi vizuri kuliko ahadi ya jumla kama "nitapunguza kula".

Yafuatayo ni mazoea yanayoonekana sana katika nyumba zetu, na namna ya kuyabadili.

Sukari kwenye chai na uji

Kijiko cha chai kimoja kina takriban gramu 4 za sukari. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu ni gramu 36 kwa siku, kabla hujanywa soda wala kula biskuti. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na inakuwa bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25, yaani vijiko sita hivi.

Kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Kilo moja ya sukari kwa familia ya watu sita ikikaa siku saba, kila mtu anapata kama gramu 24 kwa siku. Ikikaa siku nne tu, kila mtu anakula zaidi ya gramu 40. Kama mko wanne, kilo ikae siku kumi. Andika kwenye kopo tarehe uliyofungua sukari, na utajua mlipo bila kuhesabu vijiko vya mtu.

Punguza nusu kijiko kwa kikombe, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Ulimi huzoea. Tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai huifanya chai iwe na ladha hata sukari ikiwa kidogo. Usiweke sukari kwenye birika. Kila mtu aweke kwenye kikombe chake.

Soda na juisi

Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, karibu vijiko vinane. Juisi, hata ya matunda halisi, nayo ina sukari nyingi na haishibishi kama tunda lenyewe. Kula chungwa, embe au papai, kisha kunywa maji. Kama soda ni ya kila siku, ifanye iwe ya Jumapili. Usiweke akiba ya soda ndani ya nyumba.

Mafuta ya kupikia

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120. Kalori ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye chakula, na mwanamke wengi wao wanahitaji kati ya 1,800 na 2,200 kwa siku kutegemea kazi zao. Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya nazi na samli yote yana nishati karibu sawa, hata kama lebo imeandikwa kwamba hayana lehemu.

Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ametia kiasi gani. Pima kwa kijiko: kijiko kimoja cha chakula kwa kila watu wawili, kwa mboga moja. Kitunguu na nyanya huiva vizuri kwa mafuta kidogo na maji kidogo, sufuria ikifunikwa. Familia ya watu sita inayomaliza lita moja kwa siku nne, ikiifikisha siku saba, kila mmoja amepunguza karibu kalori 150 kwa siku, na fedha imebaki. Siku ukipika kwa tui la nazi, usiongeze mafuta mengine.

Mlima wa ugali au wali

Unga wa mahindi na mchele mkavu vyote vina takriban kalori 350 kwa kila gramu 100. Si vyakula vibaya. Tatizo ni kipimo. Tumia mkono wako:

- ugali, wali, ndizi, viazi au mihogo: ukubwa wa ngumi yako moja;
- maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama: ukubwa wa kiganja;
- mchicha, matembele, kisamvu, kabichi au mboga nyingine za majani: viganja viwili vilivyokusanywa.

Anza kupakua mboga, kisha protini, mwisho ugali. Ukianza na ugali utajaza sahani kabla mboga haijafika. Ugali wa dona una nyuzinyuzi zaidi kuliko wa sembe, hivyo unashibisha zaidi, lakini nishati yake haipungui sana, kwa hiyo kipimo ni kilekile.

Kama mnakula kwenye sinia moja, huwezi kuona umekula kiasi gani. Chukua sehemu yako kwenye sahani ukae nao palepale, au kula mboga kwanza na tonge ziwe ndogo. Kula polepole. Taarifa ya shibe huchukua takriban dakika 20 kutoka tumboni hadi kwenye ubongo, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuongeza.

Makombo ya watoto

Mama wengi hawali makombo kwa njaa. Wanakula kwa sababu kutupa chakula ni vibaya. Hapo wana haki. Suluhisho ni kumpakulia mtoto kidogo, kisha kumwongezea akimaliza. Kilichobaki kwenye sufuria kikiwa safi kifunikwe na kuhifadhiwa mahali pa baridi, kipashwe moto hadi kichemke, kiwe kiporo cha kesho. Kilichobaki kwenye sahani ya mtoto kinaweza kuwa chakula cha kuku. Tumbo lako si pipa la akiba.

Kuruka chakula mchana, kula sana usiku

Mama anayetoka alfajiri na chai ya rangi tupu, akashinda sokoni bila kula, anafika nyumbani saa mbili usiku akiwa na njaa ya kutetemeka. Hawezi kupima ngumi ya ugali saa hiyo. Zoea la kubadili hapa ni la asubuhi. Kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, maharage yaliyobaki, au uji wa dona bila sukari nyingi humfikisha mchana. Abebe tunda au karanga kiasi cha kiganja kimoja kwa ajili ya saa kumi, ili asikutane na maandazi akiwa na njaa.

Zoea jipya huchukua muda gani?

Huenda umesikia kwamba siku 21 zinatosha. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya, kama kula tunda pamoja na chakula cha mchana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 hadi jambo hilo lifanyike bila kulifikiria. Tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu zoea lililokuwa likijengwa. Kwa hiyo ukila pilau mpaka ukashindwa kuinuka siku ya harusi, hujaharibu kitu. Mlo unaofuata rudi kwenye kipimo chako. Usijiadhibu kwa kushinda njaa kesho yake, kwa maana njaa hiyo ndiyo italeta ulaji mwingine wa kupindukia usiku.

Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo salama. Wengi hupungua polepole kuliko hapo, na hiyo pia ni sawa. Jipime mara moja kwa wiki, kwenye mizani ileile, asubuhi. Uzito hupanda na kushuka kila siku kutokana na maji, chumvi na hedhi, kwa hiyo kujipima kila baada ya saa chache kutakuvunja moyo bure.

Familia, wageni na maneno ya watu

Zoea la chakula halikai kwa mtu mmoja. Ukipika chungu chako pembeni, utachoka ndani ya wiki mbili, na familia itakuona umejitenga. Badilisha chungu cha wote: mafuta kidogo, mboga nyingi, kipimo kwa kila mtu. Anayefanya kazi nzito au kijana anayekua aongezewe ugali na maharage kulingana na mahitaji yake.

Zungumza na baba watoto mapema. Mweleze kwa sababu ya afya, si ya umbo, na muonyeshe hesabu ya sukari na mafuta yaliyookolewa. Kama shinikizo la damu lake nalo limepanda, mna safari moja.

Kwa wakubwa, kukataa chakula kunaweza kuonekana dharau. Pokea, kula kidogo, sifia, kisha sema kwa heshima: "Ahsante mama, chakula kitamu mno, nimeshiba. Naomba unifungie kidogo nikawape wajukuu zako." Ukiwa mwenyeji, wape wageni matunda, mahindi ya kuchemsha au karanga pamoja na chai, badala ya vya kukaanga pekee.

Ukianza kupungua, utaulizwa kama unaumwa, kama una mawazo, au kama mume amekuacha. Wengine watanong'ona kuhusu VVU. Maneno haya huwarudisha nyuma wanawake wengi kuliko njaa yenyewe. Andaa jibu fupi: "Mzima kabisa, nimepunguza sukari tu kwa ajili ya presha." Huna deni la maelezo zaidi. Na kama unaishi na VVU na umeongezeka uzito tangu ulipoanza au kubadilishiwa dawa, usiache dawa. Mweleze mhudumu wako wa kliniki, kwani hilo hutokea na linaweza kujadiliwa.

Watoto wanajifunza kwako

Mtoto hujifunza kipimo cha sahani, ladha ya chai na maana ya kushiba kutoka kwa anayempakulia. Unapobadili mazoea yako, unayabadili pia ya kwake kabla hayajawa magumu. Kumbuka haya:

- Usimweke mtoto kwenye mpango wa kupunguza uzito bila mhudumu wa afya. Mtoto anakua, na mara nyingi kinachotakiwa ni urefu uufikie uzito.
- Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta kwa ajili ya ukuaji. Endelea kumwongezea parachichi, karanga zilizosagwa au mafuta kidogo kwenye chakula chake, lakini hahitaji sukari.
- Usimlazimishe kumaliza sahani akisema ameshiba. Usimtulize kwa pipi kila akilia.
- Usimwite majina kama "kibonge". Usiuseme vibaya mwili wako mbele ya binti yako.

Kama unanyonyesha

Mama anayenyonyesha pekee mwili wake hutumia nishati ya ziada, karibu kalori 500 kwa siku, na sehemu yake hutoka kwenye mafuta yaliyohifadhiwa wakati wa mimba. Hivyo wengi hupungua taratibu kwa kula mlo kamili tu. Usiruke milo, usifunge kula ili ukonde, na usitumie vidonge au chai za kupunguza uzito. Kunywa maji kila unapopata kiu. Anza na sukari na soda. Maharage, samaki, mayai, maziwa na mboga usiviguse, maana wewe na mtoto mnavihitaji.

Mambo ya kuepuka

- Chai, vidonge na poda za "kusafisha tumbo". Nyingi huharisha. Uzito unaopungua ni maji, nao hurudi.
- Kula aina moja tu ya chakula, kama tikiti au supu ya kabichi, kwa wiki nzima.
- Kuacha sindano au vidonge vya uzazi wa mpango ghafla kwa sababu ya uzito. Kwa baadhi ya wanawake sindano huongeza uzito, lakini zipo njia nyingine. Badilisha kwa ushauri, ili usipate mimba usiyoipanga.
- Kutegemea mazoezi peke yake. Kutembea dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni dawa nzuri ya moyo na husaidia uzito usirudi, lakini soda mbili hufuta jasho la matembezi hayo.

Uzito ukigoma

Baada ya wiki au miezi kadhaa, uzito huweza kusimama. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko awali, na njaa huongezeka. Si kwamba umeshindwa. Rudi kwenye daftari kwa siku tatu. Mara nyingi utakuta kijiko cha mafuta kimekuwa viwili, au kuonja kumerudi. Angalia pia usingizi, kwa sababu anayelala saa chache huwa na njaa zaidi kesho yake. Omba msaada wa kushika mtoto ili ulale hata saa moja mchana. Kisha chagua zoea la pili.

Nenda kituo cha afya ikiwa:

- una kiu kali, unakojoa mara kwa mara, au macho yanaona ukungu;
- unaumwa kichwa sana, kifua kinabana, au unahema kwa kazi ndogo;
- uzito unaongezeka haraka bila sababu, unahisi baridi sana, unachoka, au shingo imevimba mbele;
- hedhi imepotea au imevurugika;
- unakula kwa siri, unajitapisha, au chakula kimekuwa njia yako pekee ya kutuliza huzuni.

Hata kama huna dalili yoyote, pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Presha haina dalili kwa wengi.

Kwa ufupi

- Andika kwa siku saba kabla ya kubadili chochote.
- Chagua zoea moja na upange utakachofanya kichocheo kikitokea.
- Pima sukari kwa kilo, mafuta kwa kijiko, ugali kwa ngumi.
- Badilisha chungu cha familia, si chako pekee.
- Jipe miezi miwili au zaidi kwa kila zoea, na ukiteleza rudi kwenye mlo unaofuata.
- Lengo la kwanza ni asilimia 5 ya uzito wako. Ukiifikia, pima tena presha na sukari, uone tofauti.